Mke aliyekataa kumtambua mumewe kwenye picha ya ushahidi: Kisimayu, zama za Wataliana

Wakuu, kwema humu?

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika. Mjukuu wangu ameniambia kwamba humu mkimtilia mtu shaka mnasema analeta chai.

Hii si chai. Nilikuwa ndani ya chumba hicho, na karibu kila neno lililosemwa humo lilipita kinywani mwangu, maana nilikuwa mkalimani. Nisichokikumbuka vizuri nitasema sikikumbuki.

Jina la tajiri silitaji. Ana wajukuu, na wajukuu hawana kosa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wataliana, kabla Somalia haijapata uhuru. Mimi nilikuwa kijana wa Kisimayu, ila mama yangu ni mtu wa Chovae, kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni. Nyumbani tulisema Kibajuni, mtaani Kisomali, na Kitaliana nilikipata shuleni. Ndiyo maana serikali ilinichukua.

Sasa huyo tajiri. Visiwani ilikuwa vigumu kuona chombo ambacho hakikuwa na fedha zake ndani. Yeye ndiye aliyetoa matanga, kamba na chakula cha safari, na yeye ndiye aliyenunua papa mkavu na boriti za mikoko. Alikuwa na gari. Alikula meza moja na wakubwa wa Kitaliana, na mwanawe alipooa wakubwa hao walikaa mbele, wametoka jasho kwenye suti zao, wanakula halua.

Baadaye akaja na biashara nyingine. Akakusanya wanaume wa visiwani akawapeleka Aden wakafanye kazi melini. Mishahara yao ipitie kwake, naye awafikishie wake zao.

Mwanzo ilifika. Ikapungua. Ikakoma.

Wanawake wakaanza kuja mjini kulalamika, wakaendelea kuja, mpaka mkubwa mmoja kule Mogadishu akaamuru tajiri achunguzwe.

Jibu la tajiri lilikuwa fupi: "Watu hao siwajui."

Mkaguzi aliyeletwa alikuwa Mtaliana mwembamba, mpole, na watu walimpa jina la Bwana Muhuri. Alifunga ofisi ya tajiri na kuchukua kila kilichokuwemo. Chumba chetu kikajaa masanduku: risiti, mikataba, simu za maandishi, ramani za mashamba, kadi za mialiko. Hata hesabu za dobi wa tajiri zilipigwa muhuri. Nilikuwa natoa karatasi, yeye anapiga, mimi narudisha. Jioni alikuwa anapigia mkono wa kushoto.

Ndani ya sanduku la chuma la tajiri tukakuta bahasha ya picha. Ni zile picha ndogo za hati za safari, mtu amekaa, mikono juu ya mapaja. Wote wanaume, na nyuma hakuna jina hata moja.

Bwana Muhuri alifurahi kama mtoto. Kama huwajui, nyuso zao zinatafuta nini kwenye sanduku lako?

Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema kila uso lazima upate jina, tena litoke kwa ndugu wa mtu mwenyewe. Bila hivyo mawakili wa tajiri wataicheka bahasha yote. Uso wa mwisho ukishapata jina, masanduku yanapanda meli kwenda mahakamani Mogadishu.

Basi wake zao wakaitwa.

Hapa niwaombe vijana mnielewe. Leo mtu ana picha mia za paka wake kwenye simu. Wakati huo visiwani picha haikuwa kitu cha kuwa nacho nyumbani. Wanawake hao walikuwa na miaka hawajaziona nyuso za waume zao, na wengi hawakujua kwamba kuna picha zilizopigwa.

Walikuja wamejitanda leso zao bora. Aliyetangulia ni Fatuma Kombo wa Chovae, mwanamke mwenye sauti. Akaitazama picha, akapiga kofi.

"Ndiye! Lakini koti hili kalitoa wapi?"

Wa pili: "Ndiye. Na yeye ana koti."

Ikabainika kwamba mpiga picha alikuwa na koti moja jeusi la sufu, akiwavalisha wote waonekane watu wa heshima. Kifungo cha juu kilikuwa kimepotea, akashona cheupe mahali pake. Bahasha nzima ilikuwa koti moja na vichwa tofauti.

"Wangu kawa kama kunguru ndani ya gunia," alisema Fatuma, na wanawake wakacheka mpaka Bwana Muhuri akaniuliza kuna nini. Nikamtafsiria. Akachekea ndani ya leso yake ya mfukoni.

Picha ya mwisho ilikuwa ya Shee Bakari. Mkewe aliitwa Esha Athmani, nasi tulimwita Mwana Esha kwa heshima. Mtu mkimya, amebeba mtoto wa kike aliyezaliwa baada ya baba kuondoka.

Akapewa picha. Akaiinua karibu na uso.

Chumba kilikuwa na kelele, wenzake bado wanataniana. Yeye hakugeuka. Nilimwona akipumua kwa mdomo, kama mtu aliyepanda kilima.

Bwana Muhuri akauliza, "Ni mumeo?"

Akasema, "Sina hakika."

"Kwa nini?"

"Mume wangu hana koti."

Wanawake wakaangua kicheko. Fatuma akamwambia, "We Esha, koti ni la mpiga picha! Hujasikia tulivyosema?"

"Nimesikia. Lakini mchu akivaa koti hubadilika. Nataka niitazame siku nyingine, asubuhi, kukiwa na mwanga."

Nikatafsiri (mchu kwetu ni mtu). Bwana Muhuri, mtu wa utaratibu, akakubali. Shahidi asilazimishwe.

Alirudi asubuhi nyingine. Akakaa na picha kwenye dirisha. Akasema bado hana hakika, pengine akimleta mtoto itamsaidia kukumbuka.

Akaja na mtoto, akamsimamisha juu ya kiti. Mama anamwonyesha kwa kidole, anamnong'oneza sikioni kwa muda mrefu. Mimi sikuyatafsiri hayo, wala sikuulizwa.

"Je?" aliuliza Bwana Muhuri.

"Anafanana. Ila sina hakika."

Wakuu, mimi nilikuwa nimeshaelewa tangu siku ya dirishani. Mtu asiyemjua aliye kwenye picha haipangusi vumbi kwa ncha ya leso.

Lakini mjini walielewa vingine. Kwa kuwa uso mmoja haukuwa na jina, masanduku hayakuondoka. Na kwa kuwa hayakuondoka, mishahara ya wote ilibaki hewani. Maneno yakaanza. Fatuma alimkabili mlangoni pa ofisi, mbele yangu.

"Tajiri kakupa nini, Esha? Leso? Sukari? Sema, nasi tuje tusahau waume zetu."

Mwana Esha akavuta mtoto wake akapita.

Tajiri naye alisikia, akafurahi. Siku moja gari lake lilisimama ubavuni mwa Mwana Esha karibu na soko. Nilikuwa nyuma kidogo, nikasikia.

"Mama, haki ni haki," tajiri alimwambia kupitia dirishani. "Kama mtu humjui, humjui. Asikulazimishe Mtaliana."

"Ahsante, bwana. Na wewe wamjua?"

Kioo kikapanda.

Baadaye ikaja habari kwamba Bwana Muhuri amehamishwa. Angeondoka na meli ijayo, na anayekuja badala yake alikuwa mmoja wa wale waliokula halua harusini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Masanduku yaondoke na Bwana Muhuri au yasiondoke kabisa.

Nilimfuata Mwana Esha nyumbani kwa jamaa alikofikia. Alikuwa anatwanga. Nikamwamkia, nikakaa, nikashindwa pa kuanzia.

Akanisaidia. "Wamekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mwana Esha, unamjua aliye kwenye picha."

"Namjua."

"Basi mbona husemi?"

Akaweka mchi chini.

"Mwana wa kwetu, nikisema ni yeye, watamchukua tena, wamfungie sandukuni."

Nikamweleza habari ya meli, na ya anayekuja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mishahara ya akina Fatuma iko mkononi mwangu."

"Ndiyo."

"Na Fatuma alivyonitukana vile." Akacheka kidogo. "Haya. Kesho nitakuja."

Kesho yake alikuja amejitanda vizuri, amejifukiza udi, kama anayekwenda kupokea mgeni. Bwana Muhuri akamkalisha, akamwekea picha mbele, akauliza kwa mara nyingine kama ni mumewe.

"Ni Shee Bakari, mume wangu."

"Muulize anamtambuaje," Bwana Muhuri aliniambia. "Nahitaji kuandika."

Mwana Esha akaniangalia mimi, si yeye.

"Mwambie ana kovu kwenye nyusi. Hilo linaonekana. Mwambie mikono ya koti imemwishia njiani, kwa kuwa ana mikono mirefu, na kila shati nililomshonea lilimpungukia. Mwambie akila samaki huanza na kichwa, minofu akanisukumia mimi, akidai haipendi. Mwambie hulalia ubavu wa kulia, na nikimgeuza hugeuka bila kuamka. Mwambie akicheka hufunika mdomo, kwa jino alilovunja akivuta nanga. Hapa kafunga mdomo, lakini tazama mashavu. Alikuwa anataka kucheka. Kuna mchu alimchekesha nyuma ya mpiga picha, naye akajizuia. Mwambie nataka kujua ni nani alimchekesha."

Nilitafsiri yote. Sikuacha kitu.

Bwana Muhuri aliacha kuandika pale kwenye samaki. Nilipomaliza akaandika mstari mmoja. Niliusoma juu ya bega lake: Shahidi anamtambua mumewe.

Akasogeza kidau cha wino atie kidole.

"Kidole mwisho," alisema Mwana Esha. "Nikishika wino hamtaniacha niishike tena."

Akaiinua picha. Akaipapasa kwa ncha ya kidole kwenye mkono wa koti, akivuta kuelekea chini, kama unavyomrekebisha mtu nguo kabla hajatoka nyumbani. Kisha akaiweka mezani, akatia kidole kwenye wino, akabonyeza.

"Kesi ikiisha nitapewa?"

"Ndiyo, bibi," alisema Bwana Muhuri. "Kesi ikiisha kila mtu atarudishiwa chake."

Naamini alisema kweli kama alivyoijua. Hata mpiga picha alikuwa amenyang'anywa filamu zake kwa ahadi hiyohiyo.

Masanduku yakapanda meli. Tulisimama bandarini tukayatazama. Fatuma Kombo alikuwepo, akaja akasimama karibu na Mwana Esha, akampokea mtoto akambeba yeye.

Mnataka kujua tajiri alifungwa? Hakufungwa. Muda si mrefu alikuwa tena meza moja na wakubwa. Baadhi ya wanawake waliletewa fedha kidogo na mtu wake, kimyakimya, na wakaambiwa wasiseme. Wengine hawakupata. Uhuru ukaja, wakubwa wakabadilika, na baadaye nchi ikapita katika yale mnayoyajua. Masanduku hakuna aliyenieleza yalikoishia.

Kwa hiyo kesi, kwa ninavyojua, haijaisha mpaka leo.

Baadhi ya wanaume walirudi. Shee Bakari hakurudi, wala haikuja habari kama amekufa. Mwana Esha aliposwa mara kadhaa. Alikuwa akisema ana mume, tena kamwona juzi. Akafa akiwa Chovae, akisema hivyohivyo.

Funzo nililolipata mimi ni hili, na ni la watu wazima. Serikali ikija kukusanya karatasi, hukusanya ushahidi. Haijui kwamba katika karatasi hizo kuna mume wa mtu. Kabla hujakabidhi chochote, piga nakala. Wapigeni picha wazee wenu, muandike majina nyuma. Msingoje.

Sasa sababu ya kuandika leo. Yule mtoto aliyesimamishwa kwenye kiti ni mama mtu mzima, anaishi Mombasa. Alinipigia simu mwezi uliopita. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watu, halafu akasema, "Mjomba, nakumbuka siku ile. Nakumbuka kifungo cheupe. Uso sikumbuki. Nimejaribu maisha yangu yote, nakumbuka kifungo tu."

Akaniomba nimwelezee baba yake.

Nikamweleza kovu. Nikamweleza mikono. Lakini aliponiuliza ni nyusi ya kulia au ya kushoto, nilifumba macho nikaitafuta. Nimewaahidi kusema nisichokikumbuka. Sikikumbuki. Na wengine wote waliokuwa chumbani wameshatangulia.

Wakuu, humu kuna watu wa kila mahali. Kuna wanaofanya kazi maktaba, kuna walio Italia, kuna wenye mababu waliokuwa makarani Mogadishu. Tazameni masanduku yenu. Ni picha ndogo, nyuma ina muhuri na haina jina. Mwanamume mwembamba, koti jeusi lisilomtosha, kifungo cha juu cheupe, mdomo ameufunga.

Mkikuta wengi wenye koti hilo, msikate tamaa. Tafuteni anayejizuia kucheka.

Niandikieni hapahapa. Nasoma komenti zote.