Chambo cha Vipepeo Ndani ya Mkoba wa Kanisa

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia huko sokoni Nunguni, maana huko wameshaongeza chumvi: ni kweli, mimi Mama Mutheu, niliyesimama kanisani nikakemea wanywaji wa kaluvu, ile pombe yetu ya kienyeji, mmoja mmoja, nilipatikana madhabahuni nikinuka pombe.

Jumapili hiyo nilikuwa niombewe niwe mwenyekiti wa akina mama (nilikuwa nimeingoja miaka, sitajifanya), halafu baada ya ibada kikundi chetu cha kuhesabu vipepeo kikutane kwenye kamsitu kale kaliko juu ya kanisa. Sasa, kuna vipepeo wakubwa ambao hawana haja na maua, wanataka matunda yaliyooza, kwa hivyo chambo chao ni ndizi zilizopondwa na sukari zikaachwa siku kadhaa mpaka zikachacha. Kurudi nyumbani kukichukua ni kupanda vilima vya Kilungu mara mbili, na viatu vyangu vilikuwa vipya. Nikatia chambo kwenye chupa ya soda, nikakaza kifuniko kisimwagike, nikaiweka kwenye mkoba kando ya Biblia.

Pasta ameniwekea mkono kichwani, mkoba uko wazi begani, na chupa, iliyojaa gesi ya ndizi zilizochacha, ikaamua huo ndio wakati wake wa kupasuka. Ndizi kwa suti yake, ndizi kwa kofia yangu, na harufu, jamani, ile harufu hakuna Mkamba asiyeijua. Mama mkwe wangu, kutoka kiti cha mbele, akasema polepole, "Hiyo ni kaluvu."

"Ni ya vipepeo, Pasta," nikasema, na hata mimi nikasikia vile inakaa uongo.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kabla Pasta hajajibu, kipepeo mkubwa wa kahawia mwenye mikia miwili akaingia kwa dirisha, akatua kwenye mkono wa koti lake na kuanza kunywa. Mzee mmoja wa kanisa akainua kitabu cha nyimbo ampige. Nikasahau aibu yote, nikamshika mkono.

"Usimuue, mzee, huyu tumemtafuta tangu mvua ianze."

Pasta alimwangalia, akacheka mpaka akakaa chini. "Basi shahidi wako amekuja," akasema, na ibada ilipoisha kanisa zima likapanda msituni kuhesabu na sisi, mama mkwe akiwa mbele. Nilifurahi hadi nikasahau nanuka.

Niliombewa Jumapili iliyofuata, na chambo sijafungia kwa chupa tena wala sitafungia. Lakini Pasta hakungoja ahadi yangu: kabla ya kuniwekea mkono aliuliza mkoba uko wapi, na hakuanza kuomba mpaka mama mkwe alipoutoa nje.