Chapa Yangu kwenye Mrashi

Wanaosema nilikuwa na homa siku ile waache waseme. Mimi ndiye niliyekuwepo, na sikuwa na homa.

Kwetu ni Kibosho, lakini kazi yangu ya usonara naifanyia Majengo, katika chumba kimoja cha kupanga. Alasiri moja ya mvua kubwa aliingia mzee amevaa kanzu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Kanzu yake ilikuwa kavu kabisa. Niliona, nikapuuza. Wewe usingepuuza?

Akaweka mezani mrashi wa fedha, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia watu marashi harusini. Wa zamani sana, kazi safi. Nikaugeuza chini kutafuta chapa ya fundi, maana kila sonara hugonga alama yake. Ilikuwepo: nyota ndogo na herufi mbili. Mzee akaniambia niifute kwa tupa, kisha nigonge yangu mahali pake. Nikakataa. Nikamweleza kwamba huko ni kuiba kazi ya mtu.

"Mtu mwenyewe ni mimi," akasema. "Nimechoka kukaa humo."

Nikainuka nitoke. Mlango haukufunguka. Nikausukuma kwa bega, nikamwita jirani yangu Mama Zuhura, muuza vitenge, aliyekuwa hatua tatu tu nje ya dirisha akikinga maji ya mvua. Nikapiga kioo. Akageuka, akaangalia pale pale nilipo, akaendelea kupanga ndoo zake. Harufu ya waridi ikajaa chumbani mpaka pumzi ikawa ya kutafuta. Mzee amekaa tu, hana haraka.

Niamini, ningekuwa na njia nyingine ningeishika. Nikachukua tupa, nikaifuta ile nyota, nikagonga chapa yangu. Kuinua macho, kiti kitupu, mlango uko wazi. Mama Zuhura akashangaa kuniona. Akaniuliza nimefika saa ngapi, kwa sababu alasiri nzima aliona kufuli langu likining'inia nje.

Mrashi uko kabatini. Nikipanda gari la Kibosho, tukianza tu kuacha mji, harufu ile inanikaba mpaka naomba kushuka. Nimejaribu mara nyingi. Mama yangu alizikwa kihambani kwetu, shamba la ukoo, kati ya migomba yake, mimi nikiwa nimekaa Majengo nasikiliza mazishi kwa simu.

Wewe mwenye ufundi wowote, akija mtu akakuomba kwa upole uweke alama yako kwenye kazi usiyoifanya, usianze kubishana naye kama mimi. Toka kwanza.