Maneno Kumi ya Prof Evariste

Evariste alifundisha Kiingereza miaka kumi na saba katika shule moja ya sekondari mjini Bunia bila kuongea na Mwingereza hata mmoja, na jambo hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Kiingereza chake kilitoka kwenye kamusi. Alikuwa na madaftari manane ya maneno magumu, kila neno na maana yake kwa Kifaransa, na kila asubuhi kabla ya chai alimeza matano. "Magnanimous." "Notwithstanding." Mtaa mzima wa Saio uliijua sauti yake. Mwaka 2003, mji ulipowaka moto na watu wakakimbia kuelekea Irumu, yeye alibeba kamusi na madaftari akaacha sufuria kubwa, na mkewe Adeline hajamsamehe hadi leo.

Waliporudi walikuta mji umejaa askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Asia, watu wasiojua Kifaransa wala Kiswahili. Askari hao walitafuta wakalimani. Shule ilikuwa imefungwa, mshahara hakuna, na Adeline alikuwa akipika mchicha siku sita kwa wiki. Evariste akapiga pasi suti yake, akaenda kambini karibu na uwanja wa ndege, bila wasiwasi wowote. Katika Bunia hii, nani mwingine alijua Kiingereza?

Rebecca alijua. Huyo Rebecca alikuwa mwanafunzi wake, yule wa kukaa nyuma kabisa, aliyerudia darasa kwa sababu ya Kiingereza hichohicho. Vita vya awali, kabla ya ule moto, vilimvusha ziwa hadi Uganda, akauza maandazi huko miaka miwili, akarudi na Kiingereza kinachomtoka kama maji bombani. Siku ya mahojiano ofisa alizungumza haraka haraka, na Evariste, katika kila maneno ishirini, alidaka matatu. Akajibu kwa "notwithstanding". Ofisa akaangalia karatasi zake. Rebecca alipoingia, yeye na ofisa walicheka, wakazungumzia bei ya vitunguu, na siku hiyohiyo akapewa kazi.

Tusifichane: Evariste aliona wivu, tena wivu mbaya, ule wa kumnyima mtu hamu ya kula. Kila asubuhi gari jeupe liliposimama mbele ya nyumba ya Rebecca, yeye alikuwa tayari kwenye ua wake, anajifanya kufagia.

"Iko nasema Kiingereza ya soko," alimwambia mkewe. "Haijue hata neno moja ya nguvu."

"Lakini iko nakula nyama," akajibu Adeline.

Jumamosi moja mchana Rebecca akaja kuwasalimu, ameshika kilo ya sukari. Aliketi kwenye kigoda, chini kuliko mwalimu wake, kama inavyopasa, akatoa karatasi yenye maneno kumi ya Kiingereza.

"Prof, kule bureau ya kazi kuko mapapier, makaratasi ya maneno ya nguvu. Haya kumi yananisumbua. Muniandikie maana yake kwa Kifaransa. Muandike na mukono yenu, mwandiko yangu munaijua, ni mubaya."

Moyo wa Evariste ukachanua. Kumbe wanamhitaji! Akavaa miwani, akaandika maana ya maneno saba ya kwanza, safi, kila moja na mfano wake, huku akikohoa kidogo kama darasani.

Hapo Adeline akamuuliza mgeni habari za kazi. Rebecca, bila kiburi, akasema mwezi ujao atapelekwa Entebbe kwa mafunzo. Kwa ndege.

Kalamu ikasimama. Evariste hakuwahi kupanda ndege. Akaona mbele yake yule msichana wa nyuma kabisa akiwa angani, na yeye chini na ufagio. Maneno matatu yalikuwa yamebaki, na yote akayageuza kinyume. Kwa "scarce" akaandika kitu kilicho tele. Kwa "reluctant", mtu mwenye hamu kubwa. Kwa "imminent" akaandika jambo la mbali, lisilo na haraka. Akakunja karatasi vizuri, akaitoa kwa mikono miwili, na rohoni akaona raha ambayo hakuipata tangu siku ya suti.

Mtu mzima mwenye mvi! Na katika Bunia ya mwaka ule, ambako watu walilala na viatu miguuni, "imminent" si neno la kuchezea. Kufika Jumatatu raha ilikwisha, ikabaki hofu. Je, vijiji vikishambuliwa kwa sababu ya karatasi yake? Alitaka kwenda kumwambia. Alifika mara mbili hadi mlangoni kwa Rebecca, aibu ikamrudisha. Na bado, aibu au si aibu, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inasubiri kusikia kwamba amefukuzwa.

Jumatano Rebecca akaja kwa miguu. Hakuketi.

"Prof, munisamehe. Niliwadanganya. Ile karatasi haikukuwa yangu. Wanatafuta mutu wa kutafsiri mapapier. Hata kama haongei mbio, ajue tu maneno ya nguvu. Nikawaambia: mutu iko, ni Prof wangu. Ndiyo wakatoa yale maneno kumi."

Evariste alivua miwani.

"Sasa mbona haukuniambia?"

"Ningesema namna gani? Mwanafunzi anamupatia Prof wake examen, mutihani? Ningekuwa nawatukana." Akatazama chini. "Jana wamechukua mutu mwingine. Chef wangu wa kazi ameniambia Prof wako haijue hata 'imminent'. Nikamukatalia. Nikamuambia ile neno ni yeye mwenyewe alituandikia na chaki ku tableau, akanipiga fimbo juu yake mpaka nikaishika."

Adeline alikuwa amesimama jikoni, kijiko mkononi, anasikiliza kila kitu.

"Kwa hiyo maana yake ulikuwa unaijua," Evariste akasema polepole. "Karatasi ulipoisoma, ukaona nimeandika nini."

"Hapana, Prof," Rebecca akasema. "Niliipeleka vile mulivyoikunja. Nani anasahihisha Prof wake?"