Mwalimu Fatuma na neno moja la Kifaransa

Nimepigiwa simu, nimeambiwa, nimeitikia. Na bado sielewi. Fatuma hayupo? Fatuma yupi?

Tulikuwa walimu vijana Lushoto, enzi za vijiji vya ujamaa, tunakaa chumba kimoja.

Padri mmoja mzee alikuwa akimfundisha Kifaransa. Binti wa Kiislamu, barazani kwa padri, anakatakata maneno: cul-ti-va-teur. Mkulima.

"Sisi tunaanza na m-, wao wanaongeza mkiani," aliniambia huku anamenya viazi. "Na mkazo wanauweka mwisho kabisa. Mimi ulimi unarudi nyuma tu, kama naongea Kiswahili!"

Nilicheka mpaka machozi. Kifaransa cha nini, jamani, milimani huku?

Basi wakaja wageni kutoka nchi ya Afrika inayosema Kifaransa. Walitaka kuona kijiji kipya kule bondeni, njia ya Mazinde. Hedimasta akamtoa Fatuma awe mkalimani, nami nikamsindikiza.

Ofisa aliyewaongoza wageni alikuwa amejifunza kwa Fatuma neno moja tu: volontaire. Yaani kwa hiari.

Mgeni mmoja akamuuliza bibi mmoja: mlihamia hapa kwa hiari?

Fatuma akamwamkia bibi shikamoo, akamfikishia swali. Bibi akajibu kwa Kishambaa, polepole: "Mwanangu, waling'oa paa nikiwa ndani napika."

Ofisa hakujua Kishambaa. "Haya mwalimu, waambie."

Fatuma akawageukia wageni. Halafu: "Involontaire."

Silabi moja tu mbele, nyepesi, na hiari ikawa si hiari. Mkazo ukaangukia mwisho, palepale ofisa alipopazoea. Akapiga makofi! Wageni wakatazamana. Mmoja akavua kofia mbele ya bibi.

Muda si mrefu Fatuma akapewa uhamisho kwenda Bulwa, kwenye mashamba ya chai. Sababu hatukuambiwa.

Nilimuuliza, "Ulikusudia, au ulimi uliteleza?"

"Sijui. Niliogopa mno."

Tulipostaafu akasema alikusudia. Mwaka jana akaapa kwamba alikosea. Nimwamini Fatuma yupi? Namlilia shujaa, au msichana aliyetetemeka?

Kitu kimoja nilikiona kwa macho yangu. Siku anaondoka, bibi yule alipanda mlima kutoka bondeni, akamkumbatia pale stendi. Kifaransa hakujua hata kidogo. Nani alimwambia lile neno lilikuwa na maana gani? Hadi leo sijui.

Fatuma, mwenzangu, umeniacha na maswali yote haya. Ulale salama, mwalimu.