Waya Shambani kwa Nasiba

Nasiba alikuwa akipalilia mahindi alipoona wanaume watatu wakitandaza waya mwekundu shambani kwake, pale juu ambako mifereji ya mpunga ya bonde la Bugarama haifiki. Hawakuwa na majembe wala sululu. Walikuwa na kisanduku chenye kioo, na walinong'onezana.

Mjane huyo alishahamishwa mara moja. Zamani watu wenye vyombo walifika kwenye kilima cha wazazi wake, wakasema wanapima barabara; baadaye kilima kikawa machimbo ya mawe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nasiba akatia jembe begani, akawaendea.

Mkubwa wao, fundi wa Bukavu aitwaye Donatien, alimwambia kwamba wanatafuta maji chini ya ardhi, kwa ajili ya watu wa huku juu wanaoteseka kila kiangazi. Nasiba alimsikiliza huku akitazama viatu vya fundi huyo. Vilikuwa vipya, havina tope.

"Maman, ile telefone inasumbua mashine," Donatien akasema, akiinyoshea kidole simu iliyoning'inia shingoni mwa Nasiba. "Uende nayo kule mbali kidogo."

Hapo shaka ikawa yakini. "Kama munatafuta mayi, juu ya nini munaogopa telefone yangu?"

Hakusogea. Akampigia shemeji yake Védaste, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, aliyewajua watafuta mawe kwa sura. Védaste akaja kwa baiskeli, na Donatien akaeleza upya: kisanduku hupeleka umeme kwenye waya, na ardhi ya chini hujibu. Ardhi yenye maji haijibu kama mwamba mkavu. Vyuma na simu huvuruga jibu hilo.

Védaste aliridhika. Nasiba akauliza kama ardhi imeshasema maji yako wapi.

"Bado hatujue, Maman. Udongo wa mfinyanzi na mayi ya chumvi vinaweza kutudanganya. Tutajua siku tutatoboa."

Wale wa kilimani hawakuwahi kukiri kwamba kuna jambo wasilolijua. Nasiba akalipima neno hilo, kisha akaenda na simu yake na jembe hadi mpakani mwa shamba. Alisimama huko, macho hayabanduki kwenye waya, mpaka walipoukunja.

Miezi ikapita. Mtambo wa kutoboa ukaja, ukasimama kando ya njia, nje kidogo ya mpaka wake. Maji yalitoka na tope, kisha yakawa safi, yenye uvuguvugu. Majirani walipiga vigelegele. Nasiba alingoja wengine wanywe kwanza, ndipo akakinga kiganja, akaonja. Yalikuwa matamu.

Kesho yake alianza kupanda ua wa minyaa kuzunguka shamba lote. Védaste akamuuliza anaogopa nini tena, na maji yameshaonekana. Nasiba akaendelea kushindilia udongo kwa kisigino.

Mpaka leo anateka maji pale kando ya njia. Ila gari geni likisimama njiani, hutua jerikani chini na kulitazama hadi liondoke.