Debe la Mbege

Mfongo ule waliuchimba babu zetu wenyewe, mfereji wa kuteremsha maji ya mlima hadi kwenye migomba. Wajerumani walipouteka mlima, ardhi yetu akapewa setla apande kahawa, na ukoo wetu ukafukuzwa hadi Kahe, kwenye joto na mbu. Setla alikwishaondoka zamani, shamba wakagawiwa watu wengine. Lakini kila mwaka, siku ya kuzibua mfongo, bibi yangu hupanda mlima na jembe lake kwenda kusafisha maji yasiyomfikia hata tone.

"Asiyechimba si mwenyewe," husema.

Kilichomuuma kilikuwa kiti. Kila tulipofika, wenyeji walituwekea viti na chai ya maziwa: "Karibuni, wageni wetu!" Mgeni, yeye, kwenye mfongo wa baba yake! Alikunywa kwa adabu huku roho ikimuuma, ndipo akashika jembe. Mimi nilikunywa vikombe viwili. Chai haikunikosea kitu.

Mwaka huu bodaboda yetu ilipata pancha njiani. Tulipofika, watu walikuwa wamemaliza nusu ya kazi, matope hadi magotini. Mwenyekiti wa mfongo, mtu wa miaka arobaini hivi, alimwamkia bibi shikamoo, kisha akatangaza mbele ya wote kwamba waliochelewa watatoa debe la mbege, na sisi tumo.

Damu ikanichemka, na mdomo wangu hauna breki.

"Faini gani? Tunatoka Kahe, maji yenyewe hatuyaonji, bado mnatudai pombe?"

Bibi akanifinya mkono. "Nyamaza wewe!" Akamsogelea mwenyekiti. "Mwanangu, hebu rudia. Kwa sauti."

Mwenyekiti akababaika kidogo. "Bibi, mmechelewa. Debe la mbege, kama mtu yeyote wa mfongo huu."

Bibi akapiga kigelegele. Akacheza, jembe begani, na wanawake wakamwitikia kutoka mferejini. Sijapata kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu.

"Umesikia?" akaniambia. "Mgeni hatozwi faini."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikacheka huku machozi yananitoka.

Mwenyekiti aliandika debe moja. Bibi akamzuia mkono.

"Tumechelewa wawili, mimi na mjukuu wangu. Andika mawili."

"Bibi, moja linatosha kwa kaya."

"Mawili," akasema bibi, akaingia matopeni.