Kengele Aukimbia Msongamano

Shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimu, wanafunzi, hata muuza karanga wa getini walimwita Kengele, kwa sababu ndiye aliyepanga vipindi na hakumruhusu kiumbe mwingine aiguse kengele ya shule. Kutwa alizunguka na filimbi shingoni, akiwasimamisha watoto waliokimbia na kuwakimbiza waliosimama. Nyumbani hakuwa na nafuu. Alipanga vikombe kabatini kwa kimo, kama watoto wa gwaride, na mgeni aliyerudisha kikombe vibaya alisindikizwa kwa macho mpaka mlangoni.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na hakuwa mtu wa maneno mengi, maana nusu ya maisha yake alikuwa na pini mdomoni. Jioni moja alizitoa pini zote, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, akasema:

"Baba, watoto wameshaondoka. Tumebaki wawili humu ndani, na mimi bado naishi na kengele. Dada ananiita nikashone naye kule kwake. Ana chumba kimoja kiko tupu. Sijamjibu."

"Sasa utamjibu nini?"

"Nipeleke mahali, wiki moja tu. Tukae kama mtu na mkewe. Tukirudi ndiyo nitajua cha kumjibu."

Msidhani Kengele hakumpenda mkewe. Alimpenda sana, ila kama mtu anavyoupenda ukuta wa nyumba yake, anauegemea kila siku wala hautazami. Usingizi ulimpaa usiku ule, na asubuhi alikuwa ameshaamua kwamba watakwenda kisiwani, kwenye mchanga mweupe na maji ya kijani, kule ambako mkewe alikuwa akikutazama kwenye kalenda ya duka la vitambaa.

Tatizo lilikuwa likizo yenyewe. Shule zikifungwa, kisiwa kile hujaa watu hata ukitaka kugeuka ubavu ufukweni lazima umwombe jirani ruhusa. Na mwalimu hana ruhusa ya kusafiri ila shule zikifungwa. Mwalimu mwingine angekata tamaa, akamnunulia mkewe feni. Lakini Kengele alikuwa na kalenda mkononi. Shule yao ilikuwa ya binafsi. Tarehe ya kufunga ilikuwa ya mkuu wa shule, na mkuu wa shule, kwa mambo ya tarehe, alikuwa wa Kengele.

"Mkuu," alimwambia, "tufunge wiki moja kabla ya wenzetu. Wazazi watasafiri bila foleni, na sisi tutaonekana shule inayoona mbele."

Mkuu yule alikuwa mama mmoja aliyependa kuonekana anaona mbele kuliko kuona kwenyewe. Akakubali kabla chai yake haijapoa.

Hapo Kengele angefunga mdomo, mambo yangemnyookea. Lakini mtu akishapata akili ya peke yake, haoni raha mpaka wenzake waijue. Alimnong'oneza mwalimu wa jiografia, akamwambia asimwambie mtu. Akamnong'oneza mhasibu, naye asimwambie mtu. Mpishi wa shule aliambiwa na wote wawili. Kisha ukaja mkutano wa wazazi, na baba mmoja akainuka kuuliza: sasa wiki hiyo ya bure tuwapeleke wapi watoto?

Kengele alisimama kabla hajaitwa. Akataja kisiwa. Akataja boti ya kupanda, upande wa kukaa ili jua lisikuchome, hoteli yenye vyumba safi na ufuko ulio kimya. Alieleza kwa ufasaha ambao hajawahi kuutumia darasani. Wazazi wakaandika, na alipoketi walimpigia makofi, kichwa kikamvimba.

"Umewaambia?" mkewe alimuuliza jioni.

"Kwa jumla tu, mke wangu. Unadhani wangapi watakwenda?"

Na shule za jirani, ambazo hazikubali kupitwa hata kwa rangi ya ukuta, ziliposikia wenzao wanafunga mapema, nazo zikafunga wiki ile ile. Nilisikia baadaye kwamba wazembe wasiopanga lolote, waliokwenda wiki ya siku zote, walikikuta kisiwa kitupu, wakalala ufukweni huku wamenyoosha mikono yote miwili.

Boti ilipotia nanga, mkewe alishuka kwanza. Alikuwa amevaa kofia pana aliyojishonea mwenyewe. Kabla miguu ya Kengele haijagusa gati, sauti kama za darasa zima zikalipuka: "Shikamoo mwalimu!" Walikuwepo watoto wa kidato cha kwanza, wa kidato cha pili, baba wa mkutanoni, mhasibu na wanawe. Mkuu wa shule alikuwa chini ya mwavuli, akiona mbele. Kengele alikuwa ameruka majivu akakanyaga moto, na moto wenyewe aliuwasha kwa mdomo wake.

Mkewe aliiweka sawa kofia yake. Kisha akamshika mkono. "Haya. Tuwaache wao na mambo yao. Twende kule mwisho."

Wakaenda mwisho wa ufuko, nyuma ya mawe. Mkewe akaanza kumkumbusha chumba chao cha kwanza, kile cha kupanga, mvua ikinyesha wanahamisha kitanda. Alicheka, mkono wake begani kwa mumewe. Kengele aliitikia "mh", sikio lake liko upande wa pili, ambako watoto walikuwa wakigombania boya. Filimbi ilikuwa mfukoni mwa kaptura yake. Alikuwa ameishika.

Kesho yake asubuhi ukumbi wa chakula ulifurika. Hoteli ile ilizoea wageni wachache wapole, na sasa watu walikuwa wanavutana sahani, chai inamwagika, meneja wake, msichana mdogo, anakaribia kulia.

"Mume wangu, tule matunda chumbani," mkewe alisema.

"Dakika moja tu. Nakuja sasa hivi."

Filimbi ikalia, na ukumbi mzima ukanyamaza. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu wiki ya mitihani. "Watoto kushoto! Wazazi kulia! Anayesukuma anarudi mwisho!" Watu wazima wenye vitambi na vyeo wakajipanga bila ubishi. Meneja alimwangalia kama mkombozi, na Kengele akapanda juu ya kiti ili aone vizuri. Katikati ya zogo mtu akapita pembeni ya mstari, akinyoosha mkono kumfikia.

"Mama mwenye kofia! Usichomekee, rudi nyuma!"

Mama mwenye kofia alisimama. Akamtazama juu ya kiti pale, kisha akarudi mwisho wa mstari kama alivyoamriwa. Kengele aliendelea na watoto. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba kofia kama ile haiuzwi popote. Alipomtafuta, mkewe alikuwa ameshafika kwa mgawaji chakula.

"Mko wangapi, mama?"

"Niko peke yangu."

Akachukua sahani moja, akaenda kuketi dirishani, akatoa simu. Kengele alishuka kitini. Aliona aibu, aliona hofu, akamfuata. Akamsikia akisema, "Dada, kile chumba bado kipo?" Alikuwa hatua chache tu kutoka mezani, mdomo umeshafunguka kumwomba radhi, ndipo nyuma yake mtoto akapiga kelele:

"Mwalimu! Huku wanachomekea!"

Akageuza shingo kutazama. Ni mara moja tu. Aliporudisha uso, mkewe alikuwa anamwangalia, simu sikioni, akimwambia dada yake, "Ndiyo. Nakuja."